Dakika saba na sindano moja

Wazazi kadhaa wa hapa Mbeya, na wengine wa Iringa, wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: kijana wetu anataka kutengeneza filamu, tumkataze au tumsaidie? Rai ya safu hii ni kwamba asaidiwe, kwa sharti moja, nalo ni kwamba ajifunze kuandika kabla ya kushika kamera. Simu yenye kamera haikosekani katika nyumba nyingi siku hizi. Kinachokosekana ni kisa kilichofikiriwa hadi mwisho wake.

La kwanza ni kuanza na dogo. Kijana wa Iringa hutamani kuanza na Chifu Mkwawa, vita vya Lugalo vya mwaka 1891 na kifo chake mwaka 1898. Filamu ya namna hiyo inataka majeshi, mavazi na fedha asizokuwa nazo. Lakini fuvu la Mkwawa lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, na aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka huo sasa ni mzee aliyevuka miaka 80. Mjukuu akimkalisha mzee wa namna hiyo barazani na kumwuliza aliyoyaona na aliyoyasikia, tayari ana filamu ya dakika saba ambayo kesho huenda isiwezekane tena.

Wakubwa wa fani hii nao walianza hivyo. Abbas Kiarostami wa Iran alitoa filamu yake ya kwanza mwaka 1970, yenye urefu wa takriban dakika 10, ambayo jina lake kwa tafsiri ni Mkate na Kichochoro. Mtoto anarudi nyumbani na mkate, mbwa yuko kichochoroni, naye anaogopa kupita. Mwishowe anammegea mbwa kipande. Hakuna zaidi ya hayo, na mtazamaji habanduki. Mwaka 1997 mtu huyo alipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Kwetu Tanzania, Amil Shivji alitoa filamu fupi Shoeshine mwaka 2013, kuhusu mng'arisha viatu na watu wanaopita mbele yake, kabla ya kufikia mwaka 2021 kuitoa Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi.

Katika kuandika, maswali ni matatu. Nani anataka nini? Nini kinamzuia? Atachagua lipi? Asiyeweza kuyajibu kwa sentensi tatu asiende kupiga picha bado. Kisha atafute kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, kikibebe kisa. Msomaji anayeijua Surat Yusuf na aitazame kanzu: mara ya kwanza imepakwa damu ya uongo, mara ya pili imechanwa kwa nyuma na kumtoa mtuhumiwa hatiani, mara ya tatu inamrejeshea baba macho yake. Vazi moja limebeba husuda, tuhuma na furaha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi cherehani amefariki, ameacha mjane na binti wa miaka 12. Siku chache baada ya matanga, ami wa binti anakuja kuichukua cherehani. Mjane anataka kubaki nayo kwa kuwa ndiyo riziki. Binti anachomoa sindano na kuificha katika upindo wa mtandio wake. Hapo tuna chumba kimoja, watu watatu na sindano moja.

Mwandishi mchanga atamfanya ami kuwa shetani, na hapo filamu itakufa. Ampe hoja: ni yeye aliyelipa gharama za hospitali kwa fedha za kukopa, na mwenye deni anamsubiri. Tena aulize cherehani ilikuwa ya nani: ya marehemu, au mjane alinunuliwa ikawa mali yake? Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, na mjane mwenye watoto ana thumni yake. Lakini kilicho chake tangu awali hakiingii katika mgawo kabisa. Mtazamaji akitoka anabishana juu ya swali hilo, dakika saba zimefanya kazi ambayo hotuba ndefu haiifanyi.

Hapa pana hatari inayostahili tahadhari kuliko zote. Mambo ya mirathi na ndoa hufika mezani kwa kamati za misikiti, na mitaa yetu ni midogo. Kijana akikichukua kisa cha jirani kama kilivyo, Mwanjelwa nzima itajua ni mjane yupi. Sitara ya mtu haifunuliwi kwa kisingizio cha sanaa. Abadilishe kazi ya marehemu, idadi ya watoto, mtaa na mwisho wa kisa. Ikiwa bado mwenyewe atajitambua, aombwe ruhusa mapema, na akikataa, muswada huo uwekwe kando. Vilevile mtoto asirekodiwe bila idhini ya mzazi wake.

Muswada ukiwa tayari, ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa dakika moja hivi. Wasome kwa sauti, wakate maneno ambayo uso au mkono unaweza kuyasema. Wapige picha asubuhi hadi saa tatu, au kuanzia saa kumi jioni, kwani jua la mchana likiwa utosini hutia macho kivuli. Simu iegemezwe mahali imara. Picha yenye dosari mtazamaji huivumilia, lakini sauti mbovu humwondoa. Kwa hiyo simu ya pili iwekwe karibu na msemaji irekodi sauti, na mmoja apige kofi mwanzoni ili sauti na picha zilinganishwe wakati wa kuhariri. Miezi ya mvua huku Nyanda za Juu, mabati hayamwachi mtu asikike, na upepo wa Iringa nao una yake. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndio msimu wa kazi hii.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ndiyo inayosimamia kazi hizi chini ya Bodi ya Filamu. Kabla ya kupiga picha na kabla ya kuonyesha hadharani, waulize utaratibu kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Muziki wa mtu mwingine wasiutumie bila ruhusa. Kazi ikipevuka, lipo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998.

Lakini watazamaji wa kwanza wawe wenye nyumba iliyotumika, kisha wazazi wa waigizaji. Wakae nao, wasikilize wapi walinyamaza na wapi walianza kuzungumza pembeni. Palipozungumzwa pembeni ndipo pa kukata.

Mzazi mwenye kijana wa namna hii na amwombe ukurasa mmoja wenye majibu ya yale maswali matatu. Akiuleta, amsomee mama yake na ndugu zake baada ya chakula cha usiku. Simu ya kupigia picha itaazimwa baadaye.