Wanaojitolea Kasese na Bwera, na Wajibu wa Askari

Kila mwaka, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa kwa likizo, vijana wageni wenye mikoba mgongoni huteremka mjini Kasese. Wengine wamekuja kujenga madarasa, wengine kufundisha, na wengine kuwasaidia askari wa wanyamapori katika mbuga ya Queen Elizabeth. Hawalipwi mshahara, na wengi wamejilipia nauli na chakula. Baadhi yao huendelea hadi Kikorongo, ambako hushika njia ya Bwera na mpaka wa Mpondwe. Mara nyingi mtumishi wa kwanza wa serikali wanayekutana naye njiani si mwakilishi wa Rais wilayani wala mwalimu mkuu. Ni askari au polisi aliyesimama penye kizuizi, na ndiye tunayemwandikia leo.

Nchi yetu imewahi kukosea katika jambo hili. Mwezi Julai 1973 ndege iliyowabeba vijana 112 wa shirika la Peace Corps la Marekani, waliokuwa wakielekea Zaire kufanya kazi za kujitolea, ilizuiwa Entebbe kwa shaka kwamba abiria wake ni mamluki. Baadaye waliachiliwa, lakini jina la Uganda lilikuwa limekwisha kuchafuka.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba twamwomba askari afumbe macho. Bwera na Mpondwe ziko ukingoni mwa Kongo, na waasi wa ADF walizishambulia tangu Novemba 1996. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi, katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha na jirani yake. Miezi minne baadaye waliwaua watalii wawili pamoja na kiongozi wao ndani ya mbuga. Kwa hiyo kumsimamisha mgeni na kumhoji si utovu wa adabu. Na aulizwe pasipoti, viza, shirika lililomwalika, na kama wilaya inalitambua. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Serikali ya mwaka 2016 iliweka sharti kwamba shirika lipate idhini ya wilaya kabla ya kuanza kazi. Mwenye viza ya utalii aliyekuja kufanya kazi, hata isiyo na mshahara, aelekezwe kwa maafisa wa uhamiaji. Asitozwe chochote pale barabarani. Askari anayepokea noti chini ya pasipoti hajui amempitisha nani.

Katika ujenzi tuna neno jingine. Kijana ambaye hajapata kushika mwiko wa mwashi hujenga ukuta ambao mafundi wa Bwera huja kuubomoa baada yake. Waashi wako, wanatafuta kazi, na saruji hutengenezwa Hima, katika wilaya hiyo hiyo. Mgeni mwenye busara huleta fedha ya kumlipa fundi, kisha yeye mwenyewe hubeba maji na matofali. Tena huwauliza wazee msingi uchimbwe wapi. Mto Nyamwamba ulivunja kingo zake Mei 2013, ukarudia Mei 2020 na kuivamia hospitali ya Kilembe. Wenyeji ndio wajuao maji hupita wapi.

Lakini ni aibu kumkagua mgeni aliyekuja kujitolea, ilhali sisi wenyewe hatujitolei kitu. Tena katika suala la wanyama tuna deni. Mauaji ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 yaliwapunguza tembo wa Queen Elizabeth kutoka maelfu hadi takriban 150, na miongoni mwa wawindaji walikuwamo watu wenye sare na bunduki za serikali. Tembo wamerejea sasa kwa maelfu, na pamoja nao yamerejea malalamiko ya mkulima ambaye shamba lake la mahindi huliwa kwa usiku mmoja. Mwananchi akichoka hutega waya au sumu: Aprili 2018, huko Hamukungu, simba 11 walikufa kwa sumu. Mgeni aweza kung'oa mitego miezi mitatu kisha akaenda zake. Kinachomzuia tembo mwaka hadi mwaka ni handaki kati ya mbuga na shamba, nalo hujaa udongo kila masika na kuhitaji kuzibuliwa. Sasa, nani katika nchi hii ajuaye kuchimba handaki kuliko askari? Na yule wa zamu anayenunua nyama ya kiboko kwa siri ajue kwamba anaongeza deni lile lile.

Kadhalika katika kufundisha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu ni haba, nacho ndicho lugha ya kambi zetu. Askari aliyeelimika, kwa ruhusa ya mkuu wa kikosi na ya mwalimu mkuu, aweza kufundisha saa mbili kwa juma, na bunduki yake aiache kambini. Tunasisitiza hilo la bunduki. Watoto wa Mpondwe wameona mengi, na katika mji wa Kasese watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha Novemba 2016, vyombo vya usalama vilipopambana na walinzi wa kasri la Rwenzururu. Zipo nyumba ambamo sare yetu haipokewi kwa furaha, na hotuba haitabadili hilo.

Katika juma la Tarehe Sita majeshi yetu hufagia hospitali na kutoa damu, kazi njema tunayoisifu. Twapendekeza kwamba vikosi vilivyoko Kasese viongeze sepeto na sululu katika orodha ya vifaa vya juma lijalo, vizungumze mapema na wakuu wa mbuga na wakulima wa kando ya njia ya Bwera, na vipimiwe sehemu ya handaki ya kuzibua.