Tamthilia Isiyo na Mwisho: Maoni juu ya Kaida za Michezo ya Mfululizo ya Televisheni

1. Utangulizi

Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili, mwanafunzi mmoja aliwasilisha pendekezo la tasnifu juu ya mchezo wa televisheni wa Kiswahili uliokuwa ukirushwa siku tano kwa juma. Wajumbe walimsikiliza kwa upole, kisha mmoja wao akamwuliza: "Msuko wa mchezo huu unafikia upeo wapi, na mwisho wake ni upi?" Mwanafunzi akajibu kwamba mchezo ulikuwa haujaisha, na kwamba huenda usingeisha. Jibu hilo lilitosha kuliangusha pendekezo lake. Ilionekana kwamba kazi isiyo na mwisho haina muundo, na isiyo na muundo haihakikiki.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliouafiki uamuzi ule. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini sasa anaona kwamba tulikosea. Hoja yetu ni kwamba mchezo wa mfululizo si tamthilia ya jukwaani iliyoharibika. Ni utanzu wenye kaida zake, na kaida iliyo mama wa nyingine zote ni hiyo ya kutokuwa na mwisho. Mhakiki anayeupima kwa kipimo cha tamthilia ya jukwaani hana tofauti na mtu anayetaka kujua ujazo wa maji kwa kutumia futi kamba.

Tuanze na suala la istilahi. Katika madarasa yetu, tamthilia ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na kazi za namna hiyo. Mitaani, mtu anaposema "jana sikuiona tamthilia", anakusudia mchezo unaokuja kila siku katika televisheni, uwe wa Kituruki uliotiwa sauti za Kiswahili au uliotungwa hapa nyumbani. Wazungumzaji wamekwisha kuamua, nasi hatuna budi kuufuata uamuzi wao kwa uangalifu. Kwa hiyo, katika makala haya tutatumia istilahi tamthilia endelezi kwa mchezo usiopangiwa mwisho, na tamthilia yenye kikomo kwa mfululizo ambao mwisho wake umekusudiwa tangu awali, kama zilivyo telenovela za Amerika ya Kilatini.

2. Chimbuko la utanzu

Tamthilia endelezi haikuzaliwa katika televisheni bali katika redio. Mwaka 1930 kituo cha WGN cha Chicago, Marekani, kilianza kurusha Painted Dreams, mchezo ulioandikwa na Irna Phillips, aliyewahi kuwa mwalimu. Wasikilizaji waliokusudiwa walikuwa wanawake waliokuwa nyumbani mchana, ambao ndio walionunua mahitaji ya nyumba. Makampuni ya sabuni, hasa Procter & Gamble, yaligharimia michezo ya aina hii ili kutangaza bidhaa zao, na wenye kejeli wakaibandika jina la "opera ya sabuni". Jina hilo lilikuwa dhihaka, kwani liliiunganisha sanaa ya watu wa tabaka la juu na kitu cha kufulia nguo.

Mchezo mwingine wa Phillips, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukaingia katika televisheni mwaka 1952, na kukoma mwaka 2009, yaani baada ya miaka 72. Mwaka 1956 alianzisha As the World Turns, ambao kila kipindi chake kilikuwa cha nusu saa badala ya robo saa iliyozoeleka. Jambo la kuzingatia ni kwamba muda ule wa ziada hakuutumia kuongeza matukio. Aliutumia kupunguza kasi, ili watu wakae mezani, wanywe kahawa na kuzungumza. Nchini Uingereza, kituo cha Granada kilianza kurusha Coronation Street tarehe 9 Desemba, 1960, kikionyesha maisha ya mtaa wa wafanyakazi wa kaskazini. Mwigizaji William Roache, aliyekuwamo katika kipindi cha kwanza, ameigiza nafasi ya Ken Barlow kwa zaidi ya miaka 60. Hakuna tamthilia ya jukwaani inayoweza kumpa mhusika wake umri wa namna hiyo.

Hapana shaka kwamba kutoisha kwa michezo hii kulitokana na biashara. Mwenye kuuza sabuni kila juma hana sababu ya kutaka hadithi inayoiuza ifike tamati. Hata ilipokoma, mingi ilikomeshwa na vituo kwa kupungukiwa na watazamaji, si kwa sababu visa vyake vilikamilika. Baadhi ya wenzetu hushikilia hoja hii na kusema kwamba zao la soko halistahili uhakiki. Hoja hiyo ina uzito, lakini ikitumiwa kwa haki itazikumba kazi nyingi tunazozienzi. The Pickwick Papers ya Dickens iliuzwa kwa sehemu za kila mwezi kati ya 1836 na 1837. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, ulitungwa kwa agizo la mtawala. Ufadhili hueleza kwa nini umbo fulani lilizaliwa, lakini hauelezi umbo hilo linafanya kazi gani.

3. Kaida zake

Kaida ya kwanza ni visa sambamba. Tamthilia endelezi haina kisa kikuu na visa vidogo. Ina visa kadhaa vinavyokwenda pamoja, kimoja kikikaribia kufumbuliwa wakati kingine ndio kwanza kinaanza. Kumtafuta mhusika mkuu mmoja ni kazi bure, kwa sababu mhusika mkuu ni jamii: mtaa, hospitali, au ukoo.

Kaida ya pili ni ukatizaji. Kipindi hukatwa pale ambapo mtazamaji angetamani kiendelee, na kipindi cha mwisho wa juma hukatwa kwa taharuki kubwa zaidi. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuishangaa mbinu hii. Katika Alfu Lela Ulela, uhai wa Shahrazad ulitegemea kutoimaliza hadithi kabla ya alfajiri.

Kaida ya tatu, ambayo ndiyo inayolaumiwa zaidi, ni urudiaji. Siri ya ujauzito huelezwa kwa mama, kisha kwa shangazi, kisha kwa rafiki, hatimaye kwa mume, na siku tano zinapita. Mhakiki wa jukwaani huona huo ni ubadhirifu wa maneno. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Katika utanzu huu tukio si kiini. Kiini ni nani analijua na nani hajalijua. Kila masimulizi mapya ya siri ile ile hufichua uhusiano mpya: lugha anayoitumia binti kwa shangazi siyo anayoitumia kwa mumewe. Mtazamaji, ambaye anajua zaidi ya kila mhusika, hubaki akiyapima maneno yao. Yeyote aliyefundisha pragmatiki anaelewa utajiri wa data hiyo.

Kaida ya nne ni wakati. Wahusika huishi sambamba na mtazamaji, na sikukuu yao huja siku ya sikukuu yake. Ya tano ni utenguzi: aliyekufa anaweza kurudi, na mtoto aliyezaliwa juzi anaweza kurudi akiwa kijana. Hata hivyo, utenguzi una mipaka. Katika Dallas, mchezo wa Marekani wa usiku (1978-1991) uliotumia nyingi ya kaida hizi, Bobby Ewing alikufa mwaka 1985 akarejea mwaka 1986, na matukio yote ya msimu uliokuwa umepita yakaelezwa kuwa ni ndoto ya mkewe. Watazamaji wengi walilalamika. Hapa tunajifunza jambo la nadharia. Mtazamaji yuko tayari kukubali kwamba maiti amefufuka, lakini hayuko tayari kuambiwa kwamba mwaka mzima alioutumia kutazama haukuwapo. Mkataba kati yake na mchezo umejengwa juu ya kumbukumbu, si juu ya uhalisi.

4. Utanzu huu katika Kiswahili

Utanzu huu uliingia katika Kiswahili kwa njia ya Meksiko. Katika miaka ya 1970, Miguel Sabido alitumia telenovela kuhamasisha, miongoni mwa mambo mengine, uzazi wa mpango, akiwapanga wahusika katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wanaoyumba kati ya hao wawili. Mbinu hiyo ilitumika Kenya mwaka 1987 katika mchezo wa televisheni Tushauriane na ule wa redio Ushikwapo Shikamana. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, ambamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, aliishia kuugua UKIMWI, naye mkewe Tunu akajifunza kujitegemea.

Mchezo huo ulichunguzwa kwa makini. Eneo la Dodoma halikurushiwa hadi 1995 ili wasikilizaji wa kwingineko walinganishwe na wasioupata. Lakini waliouchunguza zaidi walikuwa wataalamu wa mawasiliano na wa afya, na swali lao lilikuwa: je, wasikilizaji wamebadili mwenendo? Swali hilo ni halali, ila si swali letu. Letu lingekuwa: je, Mkwaju, aliyetungwa ili achukiwe, alipewa Kiswahili gani hata watu wakapenda kumsikiliza? Je, ngano zetu, zenye sungura mjanja anayelaumiwa na kupendwa kwa wakati mmoja, zilimwandalia msikilizaji njia ya kumpokea? Maswali haya hatukuyauliza kwa wakati wake, kwa kuwa mchezo wa redio haukuwa "tamthilia" kwetu.

Tangu hapo utanzu umekua. Telenovela ya Maria, iliyorushwa na Citizen TV ya Kenya kati ya 2019 na 2021, ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mfululizo wa kila siku bila mfadhili wa kampeni ya afya. Ilikuwa tamthilia yenye kikomo, nayo ihakikiwe hivyo. Kuichanganya na Coronation Street ni kosa lile lile la kuchanganya riwaya na utenzi.

5. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi zitofautishe tamthilia ya jukwaani, tamthilia endelezi na tamthilia yenye kikomo. Pili, kutokuwa na mwisho kusiwe tena sababu ya kukataa pendekezo la tasnifu. Mtafiti aruhusiwe kuchagua kipindi maalumu, kwa mfano miezi mitatu ya urushaji, na kukichunguza kama mwanaisimu anavyochunguza lugha ambayo nayo haijaisha. Tatu, idara zetu zianze kuomba na kuhifadhi miswada na kanda. Vipindi vingi vya Marekani vya miaka ya 1950 na 1960 havipo tena, ama kwa kuwa vilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa, ama kwa kuwa kanda zake zilifutwa ili zitumiwe upya. Nchi yenye fedha ilipoteza sehemu kubwa ya utanzu ilioubuni yenyewe kwa kuudharau; sisi tusitegemee kubahatika.

Mwanafunzi yule alibadili mada, akaandika juu ya riwaya iliyokwisha kuhakikiwa mara kadhaa, akafaulu vizuri. Mchezo aliotaka kuuchunguza ulikoma baadaye. Katika maktaba yetu hakuna hata mswada mmoja wake.