Tajiri Akibadilika, Miaka ya Mfanyakazi Isipotee

Shamba likiuzwa, mibuni huhesabiwa. Mtambo wa kukoboa kahawa huandikwa, magari huandikwa, hata majembe yaliyomo stoo huandikwa, ili tajiri anayeondoka alipwe na tajiri anayeingia ajue amepata nini. Sisi twauliza: ni nani anayeandika miaka ya watu walioipalilia mibuni ile?

Swali hili si geni kwa watu wa Kilimanjaro. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa, na baadaye baadhi yake yakakodishwa kwa wawekezaji. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU iliyokuwapo tangu 1933 ikafungwa, kazi zake zikashikwa na wengine, mpaka iliporudi baada ya sheria ya ushirika ya 1982. Kule Arusha Chini, kampuni ya sukari ya TPC iliyoanzishwa na Wadenmaki katika miaka ya 1930 ilikuja kuwa mali ya Serikali. Mwaka 2000 asilimia 75 ya hisa zake ziliuzwa kwa wawekezaji kutoka Mauritius na Réunion, Serikali ikabaki na asilimia 25.

Hatuyataji haya kwa kulaumu mageuzi. Nchi hubadilika, na mali hubadilisha mikono. Lakini kila mara kibao cha langoni kilipobadilika, mizani ilikuwa ile ile, miwa ile ile, na mkono uliokata miwa ulikuwa ule ule. Mtu hulala akiwa mfanyakazi wa bwana mmoja, akaamka wa bwana mwingine, wala hakuulizwa.

Mfano ulio mchungu kupita yote twaupata katika reli. Stesheni ya Moshi ilikuwa chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kazi ilihamia kwa shirika la nchi yetu. Injini ziligawanywa, mabehewa yakagawanywa, lakini mafao ya watu walioitumikia Jumuiya yakabaki hewani. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi mwaka 1984. Wazee wetu wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na maafikiano na Serikali yakapatikana mwaka 2005. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: toka 1977 hata 2005 ni miaka 28. Wako waliokufa wakingoja, na wako walioendelea kudai hata baada ya hapo. Hayo ndiyo matunda ya kugawana mali kwanza na kuwakumbuka watu mwisho.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina mambo mema mengi. Mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa ajili ya shughuli zake sharti atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kabla ya kutenda. Anayeachishwa baada ya kutimiza mwaka mmoja ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, mwisho wake miaka 10. Lakini sheria hiyo ilipotungwa haikuweka kifungu kinachosema waziwazi kwamba biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine, mikataba ya wafanyakazi nayo inahama pamoja na miaka yao.

Katika pengo hilo ndimo haki inamopotea. Tuseme mtu alifanya kazi miaka 8 kwa tajiri wa kwanza na miaka 2 kwa tajiri wa pili, kisha akaachishwa. Miaka yake ikiunganishwa, atapata mshahara wa siku 70. Ikikatwa, na yule wa kwanza aliondoka bila kulipa, atapata wa siku 14. Siku 56 zimemezwa na nani?

Tena si fedha peke yake. Sheria haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri yule yule. Basi mtu wa miaka 15 akitiwa sahihi ya ajira mpya, asubuhi yake aweza kuambiwa kwamba yeye ni mgeni kazini. Wazee walitusimulia habari za kipande cha siku 30: kikiisha, mtu anaanza kingine, kana kwamba jana hakuwapo. Hatukuondoa kipande cha mkoloni ili tukirudishe kwa jina la mkataba mpya.

Tajiri mpya husema, "Mimi nilinunua kiwanda, sikununua madeni." Twamjibu: hukununua kiwanda bila kuuliza kinadaiwa nini na benki. Uliza pia kinadaiwa nini na watu wake, ukakate katika bei. Kama hutaki kuibeba miaka yao, basi anayeondoka ailipe kabla ya kukabidhi funguo. Ni moja katika mawili. Wakubwa wawili wakisukumiana, nyasi zisiumie.

Wala hatuombi jambo lisilowezekana. Ndugu zetu wa Uganda, katika sheria yao ya ajira ya 2006, waliandika kwamba biashara ikihamishwa mikataba ya wafanyakazi inahama nayo. Afrika Kusini waliweka kanuni kama hiyo mwaka 1995, na Uingereza mwaka 1981. Hata hapa kwetu, mwanachama wa NSSF akihama kampuni, namba yake haibadiliki na michango yake huungana. Kama akiba yaweza kumfuata mtu, kwa nini miaka yake isimfuate?

Kwa hiyo twataka Bunge liongeze kifungu hicho katika sheria. Na vyama vya wafanyakazi, TPAWU mashambani na TUICO viwandani, visingoje mpaka bendera ya tajiri mpya ipande. Vidai kuona maandishi ya makabidhiano wakati mazungumzo yangali yakiendelea.

Nawe mfanyakazi, jilinde. Tunza barua yako ya kwanza ya kazi na karatasi za mshahara. Kabla hujatia sahihi, soma tarehe ya kuanza kazi iliyoandikwa, na uliza miaka ya nyuma italipwa au itaendelea. Usikatae kazi ya tajiri mpya kwa hasira, maana anayekataa bila sababu ya haki kazi nyingine aliyopewa aweza kunyimwa kiinua mgongo. Ukiachishwa isivyo haki, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Moshi, kabla ya siku 30 kupita. Ukichelewa, mlango wafungwa.

Wanachama katika matawi yote, toka Siha hata Rombo, walizungumze jambo hili na kumwuliza kila mbunge msimamo wake. Shamba ni la mwenye hati. Miaka ni ya aliyeifanyia kazi, na hakuna mtu awezaye kuuza kisicho chake.