Mabadiliko ya Kijenetiki katika Mimea: Neno Moja kwa Mambo Manne

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii inasadifu mjadala kuhusu mimea iliyobadilishwa kijenetiki nchini Kenya. Mnamo Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya aina hiyo. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri liliiondoa marufuku hiyo, na kesi zikafuata mahakamani. Katika miaka yote hiyo mkulima amepewa herufi tatu za Kiingereza, GMO, bila kuelezwa ni nini hasa kinachofanyiwa mbegu. Kasoro hii ni ya kilugha kabla ya kuwa ya kisayansi, na wataalamu wa Kiswahili hawawezi kuikwepa lawama yake.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa hakuna mahindi yasiyobadilishwa. Takriban miaka 9,000 iliyopita, wakulima wa kusini mwa Meksiko walianza kuteua mbegu za nyasi iitwayo teosinte, ambayo suke lake lina punje chache zilizofungiwa ndani ya maganda magumu. Kila msimu walihifadhi mbegu za mimea iliyo bora, hadi baada ya vizazi vingi likapatikana suke lenye mamia ya punje zilizo wazi. Huu ndio uteuzi wa mbegu, na mkulima anayetundika mahindi mazuri juu ya meko ili ayapande msimu ujao anauendeleza hadi leo.

Njia ya pili ni uchotara, yaani kuchavusha kwa makusudi aina mbili zenye sifa tofauti. Mbegu ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka wa 1964, ilitokana na mahindi ya Kitale na mahindi yenye asili ya Ekuado. Mbegu chotara huzaa sana katika kizazi cha kwanza, lakini nguvu hiyo hupungua mavuno yake yakipandwa tena. Njia ya tatu ni mnururisho. Mbegu hupigwa miale ili jeni zake zibadilike bila mpangilio, kisha watafiti huteua mimea iliyopata sifa inayotafutwa. Ngano ya Njoro BW1, iliyotolewa mwaka wa 2001 na inayostahimili ukame, ilipatikana hivyo, na haihesabiwi kuwa GMO.

Njia ya nne ndiyo inayozua ubishi. Kuna bakteria wa udongoni, Agrobacterium tumefaciens, ambaye kwa maumbile yake huingiza kipande cha DNA yake katika seli za mmea na kuusababishia uvimbe. Wanasayansi huziondoa jeni za uvimbe na kuweka mahali pake jeni wanayoitaka, kisha humwacha bakteria aifikishe. Seli iliyoipokea hukuzwa maabarani hadi ikawa mmea kamili. Tumbaku ilibadilishwa kwa njia hii mwaka wa 1983. Pamba ya Bt, iliyoidhinishwa kupandwa Kenya mnamo Desemba 2019, ina jeni ya bakteria mwingine inayouwezesha mmea kutengeneza protini ya kutoboa utumbo wa funza wa vitumba.

Je, tendo hili liitweje? Wengi husema kupandikiza. Hata hivyo, mkulima hupandikiza miche kutoka kitaluni, na akisikia jeni imepandikizwa atawazia jembe na shimo. Kupachika kunafaa zaidi. Mwanafunzi wa sarufi anajua kuwa kiambishi kikipachikwa kwenye mzizi, neno hubaki na umbo lake kuu, ila maana yake hubadilika. Jeni nayo hufanya vivyo hivyo katika mmea.

Huenda mtu akadai kuwa huku ni kucheza na maneno ilhali watu wana njaa. La hasha! Mara nyingi mbegu zilizopachikwa jeni hulaumiwa kwa kumfunga mkulima dukani kila msimu, ilhali uchotara ulimfikisha huko tangu 1964. Kwa upande mwingine, watetezi wake hudai kuwa kupachika jeni ni uteuzi wa kale ulioharakishwa tu, ilhali uteuzi hauwezi kuihamisha jeni ya bakteria hadi kwenye pamba. Pande zote mbili hufaidika na ukungu wa lugha. Anayeumia ni mwananchi, ambaye Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata habari kuhusu bidhaa anazotumia, na Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili na za kilimo katika vyuo vikuu hazina budi kuketi pamoja ili kuunda istilahi tofauti za njia hizi nne, na kuzipima kwa wakulima kabla ya kuzichapisha. Mkulima akishaelewa, ana uhuru wa kukubali au kukataa. Kukataa asichokielewa ni woga, na kukikubali ni kudanganywa. Lugha yenye maneno sahihi itamwepusha na yote mawili.