Uvira: Mashine hujifunza kwa makosa yake, lakini nani anaiandikia majibu?

Mjini Uvira, jimboni Kivu Kusini, robine zikikauka, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka siku zinazofuata. Mwaka 2015 watafiti walilipima jambo hilo kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni ya familia moja na zile zinazotumika leo kufundisha mashine kutabiri magonjwa na mafuriko. Sasa akili bandia inatajwa karibu katika kila mradi wa afya na wa misaada. Kwa hiyo inafaa wakaaji wa pwani ya Tanganyika wajue mashine hizo zinajifunza namna gani, na kitu gani kinaweza kuzipotosha.

Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la PLOS Medicine na watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao wa Kongo. Walichukua madaftari mawili ya kuanzia 2009 hadi 2014. Moja lilionyesha kiasi cha maji ambacho Regideso ilitoa kila siku. La pili lilikuwa la wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu cha Uvira. Walilinganisha siku isiyo na maji ya robine na siku ambazo maji yalitoka vizuri kabisa. Matokeo: baada ya siku kavu, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Watafiti walikadiria kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne, yaani asilimia 23.2, alihusiana na ukosefu huo wa maji.

Kosa linapimwa, kisha linapunguzwa

Hesabu ya namna hii inapataje jibu? Tuchukue mfano rahisi. Mashine inapewa siku mia moja za zamani. Kwa kila siku inaambiwa maji yalitoka kiasi gani, kisha inakisia idadi ya wagonjwa. Mwanzoni haijui kitu. Siku ya kwanza inakisia wagonjwa 4, lakini daftari linasema 9, kwa hiyo kosa ni 5. Siku ya pili inakisia 6 na daftari linasema 5, kosa ni 1.

Makosa hayo huzidishwa yenyewe kwa yenyewe: 5 mara 5 ni 25, 1 mara 1 ni 1. Hivyo kosa kubwa linaadhibiwa zaidi kuliko dogo, na kukisia juu hakufutwi na kukisia chini. Njia hii ni ya zamani sana. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha mwaka 1805, alipokuwa akitafuta njia za nyota zenye mkia angani.

Baada ya kujumlisha makosa yote, mashine inabadilisha kidogo uzito unaopewa ukosefu wa maji. Ikiwa jumla ya makosa inapungua, inaendelea upande huo. Ikiwa inaongezeka, inarudi nyuma. Hatua ikiwa kubwa mno, mashine inapita jibu na kuyumba huku na huku. Ikiwa ndogo mno, inachelewa. Inarudia mara nyingi mpaka makosa yasipungue tena. Watafiti wa Uvira walitumia hesabu yenye undani zaidi, iliyozingatia pia mvua na majira, na lengo lao halikuwa kutabiri. Lakini msingi ni ule ule: kutafuta uzito unaokaribiana zaidi na yale yaliyoandikwa daftarini.

Kuna hatari moja ambayo mafundi wanaijua vizuri. Mashine inaweza kukariri zile siku mia moja kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Ndiyo maana wanaficha sehemu ya daftari, tuseme siku 20, na kuipima mashine kwa siku hizo ambazo haijaziona. Ikifaulu kwa siku ilizozijua na kushindwa kwa hizi, haijajifunza kitu.

Daftari likikosea, mashine inakosea pia

Hapa ndipo Uvira inatoa somo zito. Mashine haioni ugonjwa. Inaona kilichoandikwa, na inakichukua kuwa ndiyo kweli. Vipimo vya haraka vilivyofanywa katika kituo hicho cha Uvira mwaka 2016 na 2017 vilionyesha kwamba chini ya nusu ya waliopimwa walikuwa na kipindupindu kweli. Wengine walikuwa wanaharisha kwa sababu nyingine. Mashine inayofundishwa kwa daftari la wanaodhaniwa tu itajitahidi kupunguza makosa yake kuelekea jibu lisilo sahihi, na itaonekana imefaulu.

Tena, mgonjwa ambaye hakufika kituoni hayumo daftarini kabisa. Kwa mashine, mtaa ambao watu wake hawafiki hospitalini ni mtaa mzima wa afya.

Jambo la pili ni mabadiliko. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kuua makumi ya watu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za pwani. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, watu wengi walikimbilia Uvira na wengine wakavuka hadi Burundi. Mashine iliyojifunza kwa miaka ya 2009 hadi 2014 haijui lolote kati ya hayo. Isipofundishwa upya, itaendelea kutabiri mji ambao haupo tena.

Kosa lipi ni ghali zaidi?

La tatu ni uamuzi wa binadamu. Tuseme kati ya wiki 100, tano tu zina mlipuko. Mashine inayosema kila wiki "hakuna hatari" itakuwa sahihi mara 95 kwa 100, na haitaokoa mtu hata mmoja. Kupiga kengele bure kunapoteza klorini, mafuta ya gari na imani ya raia. Kunyamaza wakati wa mlipuko kunapoteza maisha. Mashine haichagui kati ya makosa hayo mawili. Anayeitengeneza ndiye anayeiambia lipi lihesabiwe zito zaidi.

Kwa hiyo mradi wowote utakaoletwa Uvira, Baraka au Fizi kwa jina la akili bandia unapaswa kuulizwa maswali matatu na viongozi na mashirika ya raia. Majibu iliyofundishwa nayo yaliandikwa na nani, na yalithibitishwa kwa kipimo? Kosa gani limepewa uzito mkubwa? Nani ataifundisha upya vita au mafuriko yakibadilisha mji?

Utafiti wa 2015 uliwezekana kwa sababu kuna watu waliojaza madaftari ya maji na ya wagonjwa kila siku kwa miaka mitano. Baadaye zilifuata kazi za kutengeneza mtandao wa maji wa Uvira, kwa msaada wa washirika kama Fondation Veolia na Shirika la Ufaransa la Maendeleo. Kabla ya kununua mashine mpya, vipimo vya haraka na mshahara wa muuguzi anayeshika kalamu vinastahili kulipwa kwanza.