Uji wa saa nne: kifungua kinywa na masomo ya mtoto wako

Mtoto wa Ikolo aliyekula chakula cha jioni saa mbili usiku, akaondoka nyumbani asubuhi bila kula, anaanza masomo saa mbili akiwa na saa 12 tumbo tupu. Kama shuleni chakula kinatolewa saa saba mchana, zinakuwa saa 17. Katikati ya saa hizo ndipo anapofundishwa kusoma na kuhesabu.

Mama na mlezi, hili si suala la nyumbani peke yake. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi nchini hutolewa bila ada, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mikononi mwa wazazi. Ndiyo maana mikutano ya wazazi haiishi kuzungumzia debe la mahindi, kuni na posho ya mpishi. Mara nyingi tunabishana tuchange kiasi gani. Tunasahau kuuliza mambo mawili: chakula kinaliwa saa ngapi, na ndani ya kikombe kuna nini?

Njaa inafanya nini kichwani?

Usiku mtoto akilala, ini hutoa sukari iliyohifadhiwa ili ubongo uendelee kufanya kazi. Akiba ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na ubongo wake unatumia sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya mwili. Asubuhi akiba hiyo imepungua. Mtoto huanza kusinzia, kukasirika upesi au kusahau alichoambiwa sasa hivi. Mwalimu anaweza kudhani ni mvivu, kumbe ana njaa.

Utafiti unasema nini?

Huko Jamaika, watoto wa shule za msingi za vijijini walipewa kifungua kinywa kila siku ya masomo kwa mwaka mmoja. Mahudhurio yao yaliongezeka kidogo, na watoto wa madarasa ya chini walifanya vizuri zaidi kwenye hesabu.

Jirani zetu wa Kenya wana funzo jingine. Huko Busia na Teso, shule 25 za awali zilipewa uji wa asubuhi, nyingine 25 hazikupewa. Kwenye uji walihudhuria wastani wa watoto 36 kwa kila 100; kusiko na uji walikuwa 27. Lakini alama za mitihani zilipanda pale tu mwalimu alipokuwa ameandaliwa vizuri kwa kazi yake. Tena, kupika na kugawa uji kulikula muda wa vipindi.

Kwa hiyo tusidanganyane. Uji humleta mtoto shuleni na kumfanya awe macho. Haumfundishi kusoma. Mwalimu na muda wa masomo bado vinahitajika.

Na si kila kinachojaza tumbo kinatosha. Huko Embu, Kenya, watoto walipewa githeri, wengine ikiwa na nyama, wengine na maziwa, wengine na mafuta zaidi. Waliopata nyama ndio walioendelea vizuri zaidi kwenye majaribio ya kufikiri.

Tuandae nini nyumbani?

Chai ya rangi yenye sukari pekee ni nguvu ya muda mfupi. Zaidi ya hapo, chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na watoto wetu wa kando ya ziwa tayari hupungukiwa damu kwa sababu ya malaria. Vyakula vya kumwamsha mtoto tunavyo:

- Ndizi, magimbi au viazi vitamu vilivyochemshwa, pamoja na usipa kidogo au maharage.
- Uji wenye karanga zilizosagwa, maziwa, au unga wa usipa waliokaushwa vizuri. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, usisage.
- Kijiko cha mawese mekundu kwenye mboga. Rangi ile ina vitamini A. Ukiyachoma mpaka yakawa meupe, umeipoteza.
- Tunda la msimu, kama embe, papai au chungwa.

Angalizo kuhusu kiporo cha wali: kwa joto la Kyela, wali uliokaa sufuriani usiku kucha unaweza kuota vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu nyingine haziondoki hata ukiupasha moto. Kama huna pa kuuhifadhi kwenye ubaridi, pika wali wa kutosha jioni tu, na weka ndizi au viazi vya kuchemsha alfajiri.

Tuseme nini kwenye mkutano wa wazazi?

Kwanza, kama michango inatosha mlo mmoja tu, tuombe uwe uji wa mapumziko ya saa nne badala ya makande ya saa nane, watoto wanapokaribia kurudi nyumbani. Pili, uji uwe umeiva kabla ya kengele, ili mapumziko yasile kipindi. Tatu, tuchange mara baada ya mavuno, mpunga ukiwa bado ndani. Tukingoja miezi ya mvua kubwa, ghala zikiwa tupu, uji utakatika wakati unaohitajika zaidi. Nne, mtoto ambaye kwao hawajaweza kuchanga asisimamishwe pembeni wenzake wakinywa. Huyo ndiye pengine hakula tangu jana.

Mtoto akiendelea kuchoka, kupauka viganja au kizunguzungu ingawa anakula, usimlazimishe uji zaidi. Mpeleke kituo cha afya akapimwe damu, malaria na minyoo.

Kesho asubuhi, kabla hajatoka, muulize swali moja: "Umekula nini?" Akinyamaza, umeshapata jibu.