Mwalimu Mgeni na Mchezo wa Zaria



Ufikapo msimu wa mashindano ya michezo ya kuigiza mashuleni, wazazi wengi hunung'unika. Mtoto amepelekwa shule akasome Kiingereza, naye kila jioni huchelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya mazoezi. Swali lao ni la haki: je, kuigiza ni elimu au ni kupoteza wakati? Jawabu nitalitafuta mbali kidogo na kwetu, katika mji wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria.

Zaria ni mji mkongwe wa Wahausa, mji wa misikiti na wanazuoni. Mwaka 1962 kilifunguliwa huko Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, kilichopewa jina la Sardauna wa Sokoto, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Kaskazini. Mwaka huo huo alifika Tony Harrison, kijana wa Kiingereza kutoka Leeds, mwana wa mwokaji mikate, kuja kusomesha Kiingereza. Baadaye aliungana naye James Simmons, mshairi kutoka Ireland ya Kaskazini. Wote wawili walikuwa wageni, na waliitiwa kazi ya darasani.

Walipotaka kuongoza mchezo wa wanafunzi, njia iliyozoeleka ilikuwa wazi mbele yao: kuchukua mchezo wa Shakespeare, kuwavika vijana mavazi ya kizungu, na kuwakaririsha maneno mpaka matamshi yakaribie ya London. Wao waliiacha njia hiyo. Walichukua Lysistrata, mchezo wa Aristophanes wa Ugiriki, ulioonyeshwa kwanza mwaka 411 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, wakati Athens na Sparta ziko vitani. Ni kisa cha wanawake waliochoka na vita, wakaafikiana kuwasusa waume zao mpaka amani ipatikane. Una mzaha mwingi ambao haufai kusimuliwa mbele ya watoto, lakini kiini chake ni kizito. Mahali pa watu wa Athens na Sparta, waalimu wale waliweka Wahausa na Wayoruba. Mchezo wakauita kwa Kihausa, Aikin Mata, yaani kazi ya wanawake. Wanafunzi waliucheza chuoni hapo mwaka 1964.

Tazameni hekima iliyomo. Lugha ilikuwa ya kuazima na kisa kilikuwa cha kuazima, lakini jambo lililosemwa lilikuwa la nyumbani. Mwanafunzi hakusimama jukwaani kuiga Mzungu. Alisimama kunena habari ya jirani yake. Mwenye jambo la kusema huitafuta lugha mwenyewe, na asiye na la kusema hata ukimpa kamusi nzima atabaki kimya.

Sisi tuliosoma vyuoni twaifahamu siri hii. Mwanafunzi hasomi aya mara moja akaondoka. Huirudia mbele ya mwalimu, akasahihishwa makhraji, pumzi na kituo, hata ulimi ukalainika. Kisha siku ya maulidi husimama mbele ya umma akasoma kasida, na hofu ikamtoka. Mazoezi ya mchezo hufanya kazi hiyo hiyo kwa Kiingereza. Tena humfunza mtoto kumsikiliza mwenziwe mpaka amalize ndipo ajibu, adabu ambayo watu wazima wengi hatunayo.

Lakini tusizidishe sifa. Mchezo ule haukuzuia damu. Januari 1966 wanajeshi walimuua Sardauna mwenyewe, na mwaka huo maelfu ya Waigbo waliuawa katika miji ya kaskazini. Mwaka 1967 vikazuka vita vya Biafra, vilivyodumu hata Januari 1970. Kitabu cha Aikin Mata kilipigwa chapa mwaka ule ule wa 1966. Ugomvi ulioanza kwa kutaniwa jukwaani ni mdogo. Ulioachwa ukaiva kimyakimya ndio unaochoma nyumba. Sisi wa Kenya hatuhitaji kuambiwa hilo na mtu wa mbali. Tuliyaona wenyewe mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008.

Basi faida ni ipi? Faida ni kwamba kijana aliyepewa nafasi ya kumwigiza mtu wa kabila jingine hulazimika kujiuliza mtu huyo anaogopa nini, anampenda nani, na kwa nini amekasirika. Kujiuliza huko hakuleti amani peke yake, lakini asiyejiuliza hawezi kuileta kamwe.

Nina maneno mawili ya kumalizia. La kwanza ni kwa wana wetu wanaokwenda ng'ambo kusomesha Kiingereza. Mkabidhiwapo kikundi cha wanafunzi mkiongoze katika mchezo, msikimbilie kuwageuza wafanane nanyi au na watu wa vitabuni. Kaeni, sikilizeni, ulizeni wenyeji wanazungumza nini barazani, kisha muwape Kiingereza cha kuyasema hayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hataponywa na mgeni asiyemsikiliza.

La pili ni kwenu wazazi. Mna haki ya kuuliza mchezo unahusu nini, mazoezi yanakwisha saa ngapi, na nani anawasimamia watoto wenu. Ulizeni, tena msione haya. Mkiridhika, basi muulizeni mtoto awasomee sehemu yake nyumbani baada ya chakula cha usiku, kisha awafasirie kwa Kiswahili. Akiweza kufasiri, jueni amesoma. Asipoweza, ana maneno tu mdomoni, na hapo mna hoja ya kwenda kuzungumza na mwalimu wake.